Hindi juu ya ukuta wa posta: nilivyomzungusha mama Iowa kutafuta picha za zamani

Swali la kwanza la mama lilikuwa, “Hindi hili ni la mbegu gani?”

Tulikuwa tumesimama ndani ya posta ya Ames, hapa jimboni Iowa, saa nne na nusu asubuhi. Nyuma yetu watu walikuwa wanapita na vifurushi, mmoja anabandika stempu, mwingine anahangaika na ufunguo wa sanduku lake. Mama alikuwa ameinua uso kutazama picha ya ukutani ambayo katikati yake limechorwa hindi moja kubwa kuliko kitu kingine chochote. Amelima mahindi kwetu Mbozi, Tanzania, kwa zaidi ya miaka hamsini. Hakuuliza nani kachora wala lini. Aliuliza mbegu.

Naandika haya kwa ndugu zetu wa Kiswahili walioko Iowa na majimbo ya jirani, na tupo wengi: Watanzania, Wakenya, Wakongo wa Uvira na Bukavu, Warundi. Mgeni akitoka nyumbani tunampeleka palepale. Bunge la jimbo pale Des Moines lenye kuba la dhahabu, maduka makubwa, labda mto, basi. Mama alipokuja kukaa nami kuanzia Septemba hadi Novemba, siku ya pili tu alishachoka na maduka. Akaniambia, “Mwanangu, haya maduka nimeyaona. Wanaolima chakula cha humu ndani wako wapi?”

Wazo la posta nilipewa na mzee mmoja ninayemhudumia nyumbani kwake, kwani kazi yangu ni kutunza wazee. Alinisimulia kwamba utotoni baba yake akienda posta kununua stempu, yeye alibaki katikati ya chumba ameangalia juu, anahesabu farasi waliochorwa ukutani. Nilidhani ni kumbukumbu za uzee. Kumbe picha za namna hiyo zipo Marekani nzima, zaidi ya elfu moja, na Iowa ni miongoni mwa majimbo yaliyojaaliwa nyingi. Nyingi bado zinaning'inia juu ya watu wanaotuma vifurushi, wala hakuna anayedai kiingilio.

Nieleze kidogo zilikotoka, maana ukijua hili utaziangalia kwa jicho jingine. Miaka ya 1930 Marekani ilikuwa imeanguka kiuchumi: benki zimefungwa, wakulima wananyang'anywa mashamba kwa madeni, mamilioni hawana kazi. Katika mpango wake ulioitwa New Deal, serikali ya Rais Franklin Roosevelt ilijenga majengo ya umma kila kona, na posta zikiwemo kwa mamia. Mwaka 1934 Wizara ya Fedha ikaanzisha kitengo chake cha uchoraji na uchongaji, kikiongozwa na Edward Bruce, ambaye mwenyewe alikuwa mchoraji. Utaratibu ulikuwa kutenga karibu asilimia 1 ya gharama ya jengo kwa ajili ya sanaa. Wasanii walishindana kwa kupeleka michoro ya awali isiyo na majina, ili waamuzi wapime kazi bila kumjua mtu. Aliyeshinda alihimizwa aende kwenye mji husika, aongee na wenyeji na mkuu wa posta, ajue wanajivunia nini. Kitengo kilifungwa mwaka 1943, vita vikiwa vimepamba moto.

Watu wengi, hata wenyeji, watakuambia hizi ni picha za WPA. Mzee wangu naye aliniambia hivyo. WPA ulikuwa mpango mwingine wa serikali, wa kuwapa ajira watu wasio na kipato, wasanii wakiwemo. Hizi za posta karibu zote ni za kitengo cha Wizara ya Fedha, na zilipatikana kwa ushindani. Nasisitiza kwa sababu ukienda kuzitafuta mtandaoni kwa neno WPA peke yake, nyingi zitakupita.

Na hapo ndipo nianze tathmini yenyewe, kwa maana ya huduma: unazipataje? Kuna ramani ya bure mtandaoni ya mradi wa Living New Deal, ulioanzia Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Imeweka maelfu ya kazi za enzi ile kwenye ramani moja, majengo, madaraja, bustani, picha. Unaandika jina la jimbo, unabonyeza alama, unapata jina la msanii, mwaka, na mara nyingi picha yenyewe. Kwangu ilifanya kazi vizuri hata kwenye simu, isipokuwa pale mtandao ulipokatika mashambani, kwa hiyo piga picha ya skrini kabla hujatoka nyumbani.

Kabla ya kuijua ramani hiyo nilitumia orodha nyingine niliyoiokota mahali, sitaitaja, na ilitugharimu Jumamosi nzima. Tuliendesha saa mbili hadi mji mmoja mdogo, tukakuta posta mpya ya matofali, ndani kuna rangi nyeupe tupu na tangazo la masanduku ya kutumia mizigo. Orodha ilikuwa imeandika anwani ya posta ya sasa, wakati picha ilitengenezewa jengo la zamani. Kuja kupata jengo lenyewe, saa saba mchana, mlango umefungwa. Mama hakulalamika. Alikaa ndani ya gari akamenya chungwa, akasema tu, “Siku nyingine uliza kwanza, mwanangu.” Tangu siku hiyo napiga simu. Nauliza mambo mawili: picha bado ipo ndani ya jengo gani, na ukumbi wa mbele hufungwa saa ngapi. Hayo mawili yametuokoa kila mara, kwa sababu miji mingi imehamisha posta zake na majengo ya zamani yamegeuka ofisi za mji, maktaba au biashara za watu. Na Jumamosi madirisha mengi ya miji midogo hufungwa mapema.

Sasa Ames. Ni kama kilomita 55 kaskazini ya Des Moines, nusu saa na ushee kwa barabara kuu. Picha inaitwa “The Evolution of Corn”, yaani safari ya mahindi tangu asili hadi leo, kazi ya Lowell Houser ya mwaka 1938. Upande mmoja kuna mkulima wa Kimaya wa Mexico ya kale na miungu yake juu. Upande wa pili kuna mkulima wa Iowa wa wakati ule, naye ana alama za sayansi za zama zake. Katikati ndilo lile hindi. Houser hakumbuni Mmaya wake kichwani. Miaka ya 1920 alikwenda Yucatán na kufanya kazi kwenye magofu ya Chichén Itzá, akinakili michongo ya Wamaya. Ndiyo maana upande ule wa picha una mistari iliyokazwa kama jiwe lililochongwa, ukiulinganisha na upande wa Iowa.

Nilimweleza mama haya yote kwa sauti ya chini, maana posta ni mahali pa watu kufanya shughuli zao. Akanisikiliza, kisha akanyoosha kidole kwa yule Mmaya. “Kwa hiyo huyu ndiye mwenye mbegu.”

Ndiye. Sisi kwa lugha yetu tumeyaita mahindi, jina linalotupeleka India, na watoto wengi wa nyumbani wanaamini ugali ni chakula chetu tangu Adamu. Mahindi yalitoka Mexico, yakafika Afrika baada ya Wareno kuanza kuvuka bahari, na kabla yake babu zetu walikula ulezi na mtama. Mama anaujua ulezi, bado anaupanda kipande kidogo kwa ajili ya pombe ya shughuli. Lakini kuambiwa na ukuta wa posta ya Marekani kwamba mahindi yana mwenyewe, na mwenyewe ana sura na anasimama sawa kwa urefu na mkulima tajiri, kulimgusa. Alirudi kuitazama mara mbili. Mara ya pili alisema hindi la ukubwa ule lingetaka tela peke yake kulibeba.

Napenda kwamba picha hizi tangu mwanzo zilichorwa ili watu wa kawaida wazikosoe. Kuna kisa cha Watonga, Oklahoma, mwaka 1941. Mchoraji Edith Mahier aliweka pale picha ya Chifu Roman Nose wa Wacheyenne, kabila la wenyeji asilia wa Marekani, na Wacheyenne wenyewe wakaja posta kuandamana: walisema farasi wake wanafanana na mabata maji. Walikuwa na haki. Anayechorwa ndiye anayejua farasi wake walivyo. Kwa hiyo ukienda na mzazi wako mkulima, mwache aseme.

Mkiwa Ames msiondoke bila kupita maktaba ya Parks ya chuo cha Iowa State. Pale ngazini kuna michoro mikubwa iliyobuniwa na Grant Wood, mchoraji maarufu kuliko wote wa jimbo hili. Ile ya kwanza, ya mwaka 1934, ilichorwa na kikundi cha vijana chini ya usimamizi wake, kule Iowa City, ndani ya jengo la bwawa la kuogelea lililokuwa halitumiki. Mmoja wa vijana wale ni John Bloom. Shikeni jina hilo, nitarudi kwake.

Safari ya pili tulielekea kusini: Leon, Mount Ayr, Corning, yote kwa siku moja. Ilikuwa mwanzoni mwa Oktoba, mavuno yameanza. Barabarani mama alinyamaza muda mrefu. Pande zote mbili ni mahindi makavu, shamba haliishi, na kila baada ya kitambo kombaini moja inatembea peke yake, vumbi nyuma yake, inameza mistari mingi kwa mkupuo na kumwaga punje kwenye lori. Hakuna mtu shambani. Kwetu wakati wa mavuno utasikia watoto, utaona moshi wa chai, wanawake wana kanga viunoni. Mama akaniuliza, “Watu wako wapi?” Nikamwambia yupo mmoja, mle ndani ya mashine, kwenye kioo. Akasema, “Mmoja.” Hakuongeza neno mpaka Leon.

Leon wana “Rural Free Delivery” ya Criss Glasell, ya mwaka 1938. Kama picha, sikuiona kuwa na nguvu sana kuzidi nyingine, lakini mada yake ilitufanya tukae. Inahusu huduma ya kupeleka barua hadi nyumbani kwa wakulima, iliyoanza kwa majaribio mwaka 1896 na kuwa ya kudumu mwaka 1902. Kabla ya hapo mkulima alifunga farasi akaenda mjini kuulizia kama ana barua. Mama alitaka nirudie maelezo. “Barua inamfuata mtu shambani?” Baba yangu, Mungu amrehemu, hakuwahi kuwa na sanduku la posta. Barua zake zilipitia S.L.P. ya shule ya msingi, mwalimu mkuu akizileta kutoka Vwawa, na kama mwalimu ana shughuli, barua ilikaa wiki tatu. Barua yangu ya kuchaguliwa sekondari ilikaa hivyo, nikachelewa kuripoti siku kumi na mbili. Mama alisimama mbele ya yule msambaza barua akayakumbuka yote hayo kwa sauti, na mimi nikakumbuka alivyouza debe mbili za maharage siku ile barua ilipofika ili tupate nauli.

Mount Ayr ni picha ya furaha. “The Corn Parade” ya Orr Fisher, mwaka 1941: gwaride, na mfalme wa gwaride ni hindi kubwa linalopitishwa mbele ya watu kama bwana harusi. Mama alicheka kwa nguvu mpaka mhudumu akatoa kichwa dirishani, naye akatabasamu. Mji wenyewe ni mdogo sana, watu hawafiki elfu mbili. Kama una watoto, anza na hii. Hawahitaji kuelezwa chochote.

Corning tulifika tumechoka. Picha ya Marion Gilmore inaonyesha bendi ikipiga muziki kwenye uwanja wa mji, watu wamekaa wanasikiliza. Mwaka 1939 kitengo kilitangaza shindano moja la nchi nzima, posta moja kwa kila jimbo kati ya majimbo 48 ya wakati ule, na kwa Iowa huyu ndiye aliyeibuka. Ni picha tulivu, imepangwa vizuri, na jioni yake unaisikia. Ningependa kurudi nikiwa na miguu iliyopumzika.

Na hilo la miguu niliseme wazi, kwa sababu ndilo lililonifanya nipunguze nyota. Ziara hii haina mahali pa kukaa. Ukumbi wa posta umejengwa kwa mtu wa dakika tano, na mzee wa miaka sabini na mmoja hawezi kusimama nusu saa shingo imeinuka. Kwenye tawi moja, silitaji, niliomba kiti kwa ajili ya mama nikaambiwa hakuna, na nyuma ya aliyenijibu nilikuwa naviona viwili. Safari iliyofuata nilibeba kigoda chetu cha kukunja. Jambo la pili ni mwanga. Picha nyingi zimewekwa juu ya mlango, na taa za dari zinang'aa juu ya vanishi hivi kwamba ukisimama katikati unaona taa badala ya picha. Sogea pembeni kidogo, hatua mbili tatu kushoto au kulia, na uende asubuhi. La tatu, mahali pengine hakuna hata kibao cha kusema nani alichora. Watu wanaingia na kutoka miaka ishirini hawajui kilicho juu ya vichwa vyao.

Kuhusu kupiga picha: omba ruhusa dirishani kwanza. Tulipoomba, kote walikubali, na mara mbili mhudumu alitoka nje ya kaunta kutusimulia anachokijua. Ukianza kupiga bila kuomba utamtia mtu wasiwasi bure, maana wateja wengine hawataki kuonekana.

Safari ya tatu ndiyo ndefu, mashariki kabisa, karibu kilomita 300 kwenda tu. Njiani tulisimama Tipton kuona “Cattle”, ng'ombe wa John Bloom wa mwaka 1940. Ng'ombe wameshiba, wana migongo mipana. Mama alisema hawa hawajawahi kuona kiangazi. Dakika kumi na tano zinatosha.

Halafu DeWitt. Huyu Bloom alizaliwa DeWitt mwaka 1906, akapitia kambi ya wasanii ya Stone City aliyokuwa nayo Grant Wood, akafanya naye kazi kwenye ile michoro ya maktaba niliyoitaja, na mwaka 1938 akapata nafasi ya kuuchorea mji wake mwenyewe. Angeweza kuchora waanzilishi wa mji, au vita, au treni ya kwanza, kama walivyofanya wengi. Alichora watu wanamenya mahindi. “Shucking Corn”, basi.

Wakati ule kabla ya mashine kuenea, mkulima wa Iowa alivuna hivi: alivaa kulabu ndogo ya chuma iliyofungwa kiganjani kwa mkanda wa ngozi, akapita mstari kwa mstari, anachana ganda kwa kulabu, anavunja hindi kwenye kikonyo, analirusha kwenye gari la farasi linalotembea pembeni yake. Upande wa pili wa gari kulikuwa na ubao mrefu uliosimama ili hindi likirushwa ligonge na kuangukia ndani. Aliyezoea alirusha bila kutazama, na kutwa nzima shamba lililia kwa mahindi yanavyogonga ubao.

Nilikuwa nimesoma hayo na nilikuwa nataka kumweleza mama. Sikupata nafasi. Alikuwa ameshaweka pochi yake juu ya kigoda na mikono yake imeshaanza kwenda hewani. Kwetu tunatumia kijiti, kimechongwa ncha, kimefungwa kamba kidogo ili kisidondoke, kinakaa katikati ya kiganja na vidole viwili. Unachoma ganda karibu na ncha ya hindi, pale penye ndevu zilizokauka, unavuta chini upande mmoja, unavuta upande wa pili, unakunja, hindi linakatika. Mama alifanya yote hayo bila kijiti na bila hindi, pale katikati ya posta ya DeWitt, mara nne au tano, kwa kasi yake ya shambani. Kwenye kidole gumba cha kulia ana kovu la kijiti kilichovunjika zamani, nami nililiona likipita na kurudi. “Huyu anajua,” akasema, akimaanisha Bloom. “Huyu amemenya.”

Mhudumu, mama wa makamo, alikuwa anatuangalia. Aliniuliza kama mama yangu ni mkulima. Nilipomtafsiria mama, aliitikia kwa kichwa na kuonyesha vidole vitano, akimaanisha ekari tano, na yule mhudumu akaweka mkono kifuani akasema babu yake aliwahi kuwa na ile kulabu, ilikuwa inaning'inia kwenye msumari jikoni. Nilitafsiri huku na huku kwa dakika kumi. Mteja aliyekuwa na bahasha mkononi alingoja bila kukasirika.

Nilikuwa na darubini ndogo ya kutazamia ndege, niliyoazima kwa dada mmoja wa Uvira ninayesali naye. Ibebeni, inasaidia kuliko nilivyotarajia. Picha hizi nyingi hazikuchorwa moja kwa moja ukutani. Msanii alichora kwa rangi ya mafuta kwenye turubai huko kwake, akaikunja kama mkeka, akaileta na kuigandisha ukutani. Kwa darubini niliona nyuzi za turubai zikijitokeza mahali ambapo rangi ni nyembamba, na mahali pengine rangi imewekwa nene mpaka ukiangalia kwa upande inatupa kivuli chake. Nilimpa mama darubini. Aliitumia kuangalia mikono ya watu, hakuangalia kingine. Alikaa kwenye kigoda dakika ishirini na tano.

Turubai kugandishwa ndiko kulikoziokoa nyingi jengo lilipouzwa, kwani ziliweza kubanduliwa na kuhamishwa. Ndiko pia kulikorahisisha nyingine kutolewa na kupotea. Kwa hiyo hizi zilizobaki mahali pake, kwenye ukuta uleule, mbele ya masanduku yaleyale, nendeni mzione wakati bado zipo hapo.

Lipo jambo lililonisumbua siku zote tatu na sitalificha. Katika picha tulizoziona, isipokuwa Mmaya wa Ames, wote ni wakulima Wazungu. Ardhi hii ilikuwa na wenyewe, Wameskwaki miongoni mwao, ambao mwaka 1857 walinunua kwa fedha zao kipande cha ardhi karibu na Tama na bado wanaishi pale. Ukipita barabara ya kwenda Tipton, Tama haiko mbali. Wasanii weusi nao walipata nafasi chache mno. Mmoja aliyepata ni Archibald Motley, mchoraji wa Chicago, aliyechora “Stagecoach and Mail” kwa ajili ya posta ya Wood River, Illinois, mwaka 1937. Huko bado sijafika.

Hesabu zangu kwa anayetaka kwenda: petroli ya safari zote tatu ilinitoka kama dola 75 kwa gari dogo. Kuingia bure kote. Chakula tulibeba chapati, maharage na chupa ya chai, tukala kwenye bustani za miji, na kila mji tuliopita ulikuwa na bustani yenye meza. Kama una siku moja tu, nenda Ames, posta kwanza kisha maktaba. Kama una siku mbili, ya pili iwe DeWitt, hata kama ni mbali. Nenda Septemba mwishoni au Oktoba, wakati mahindi yamesimama makavu nje na yamechorwa ndani. Mimi natoa nyota nne kati ya tano, na ile moja itarudi siku watakapoweka benchi.

Mama ameondoka wiki iliyopita. Kwenye sanduku lake kuna picha ya DeWitt niliyoichapisha kwa ukubwa wa karatasi mbili, imeviringishwa ndani ya kanga. Amesema ataibandika jikoni, juu ya mlango.